Huenda, Labda, Pengine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nairobi haipiti siku bila neno "huenda". Kabla ya tarehe 14 ya kila mwezi, siku ambayo EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, hutangaza bei mpya za mafuta, magazeti na redio hujaa "huenda petroli ikapanda". Limo kwenye taarifa ya hali ya hewa, limo kinywani mwa daktari, limo kwenye ujumbe wa mtu aliyekwama kwa jam Thika Road. Kazi yangu ni kuhariri habari za Kiswahili, na maswali yafuatayo ndiyo waandishi chipukizi, walimu na wasomaji huniletea kila mara. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: "huenda" ni neno la kupimia, na anayelitumia kujifichia analiharibu.

"Huenda" maana yake nini hasa?

Kwamba jambo linaweza kuwa au lisiwe, na anayesema hajajua bado. Hasemi ndiyo, hasemi la. Ukiambiwa "huenda maji yakarudi jioni", usimwage yale uliyohifadhi kwenye mtungi, na pia usikate tamaa.

Mbona tunasema "huenda akaja" badala ya "huenda atakuja"?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa na wanafunzi wanaojiandaa kwa karatasi ya lugha ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ambapo matumizi ya "ka" hayakosi kuwasumbua.

Litazame neno lenyewe. Ni kitenzi "enda" chenye "hu" ya mazoea, na "hu" hiyo haibebi nafsi: hakuna "nihuenda" wala "tuhuenda". Kwa hiyo neno linasimama mbele ya sentensi bila kubadilika, na kitenzi kinachofuata ndicho kinachotuambia nani na lini. Jambo likiwa bado mbele, Kiswahili kilichozoeleka huchukua "ka": huenda akaja, huenda nikasahau, huenda bei zikashuka, huenda kukawa na mgomo. Ni "ka" ileile ya "akaamka, akanawa, akaondoka", inayoonyesha tendo linalofuata baada ya jingine. Mambo yanakwenda, kisha hili linatokea.

Kama jambo limeshapita au linaendelea, "ka" haihitajiki. Unasema:

Huenda alisahau simu nyumbani.
Huenda wamefunga barabara.
Huenda anaumwa, ndiyo maana hashiki simu.

Na "huenda atakuja"? Nalisikia kila siku na linaeleweka bila shida, kwa hiyo sitamwambia mtu kuwa amekosa kuzungumza. Kwenye maandishi ninayohariri nalibadilisha liwe "huenda akaja", kwa sababu "ta" inaelekea kwenye uhakika na "huenda" inautilia shaka, na mbili hizo zikikaa pamoja sentensi inavutwa huku na kule.

Ukanusho ndio unaowachanganya wengi. Jambo la mbele: "huenda asije", "huenda mvua isinyeshe", "huenda kusiwe na stima kesho". Jambo lililopita au lililopo: "huenda hakuja", "huenda hajafika", "huenda hana habari". Zingatia kwamba kinachokanushwa ni kitenzi cha pili. "Huenda" yenyewe haina kinyume chake.

Ni "huenda" au "huwenda"?

Huenda. Ile "w" inasikika kidogo kwa sababu ulimi unatoka kwenye "u" kuelekea "e", lakini haiandikwi.

Nitatofautishaje na "huenda" ya mtu anayekwenda mahali?

Angalia kinachofuata. "Shangazi huenda Gikomba kila Jumamosi" ina mahali, na inaeleza desturi yake. "Huenda shangazi akaenda Gikomba" ina kitenzi kingine baada yake, na inaeleza uwezekano. Neno likija mwanzoni mwa sentensi kabla ya mtajwa, karibu kila mara ni uwezekano. Utata hutokea mtajwa akitangulia: "Shangazi huenda ameenda Gikomba" bado ni uwezekano, ila msomaji anaweza kujikwaa, hivyo ni bora kulirudisha mbele.

Kuna tofauti gani kati ya huenda, labda, pengine na yamkini?

Kwa kiasi kikubwa zinabadilishana, na anayedai kuna mpaka mkali kati yake hajasikiliza watu wakizungumza. Hata hivyo kila moja lina tabia yake.

"Labda" ni la nyumbani. Linaweza kusimama peke yake kama jibu: "Utakuja kesho?" "Labda." Linaweza pia kuja mwishoni: "Atakuwa kwa jirani, labda." Jaribu hivyo na "huenda" uone linavyokataa; ni nadra mtu kujibu "huenda" akanyamaza. "Labda" pia huleta pendekezo la upole: "Labda tungemngoja mama kwanza." Hapo msemaji hana shaka na lolote, anatoa rai bila kusukuma. Asili yake ni Kiarabu, "la budda", ambayo kwa Waarabu maana yake ni kwamba hapana njia nyingine, yaani lazima. "Budi" yetu ya "sina budi" imetoka hapohapo. Kwa hiyo neno moja limetuachia watoto wawili, mmoja wa shaka na mwingine wa lazima.

"Pengine" ni "pa" ya mahali na "-ngine", yaani mahali pengine. Ndiyo maana bado lina harufu ya "mara nyingine": "Pengine hula hapa, pengine hula kwa dadake." Katika sentensi hiyo hakuna shaka hata kidogo, ni jambo linalobadilikabadilika. Ukitaka shaka pekee, na kuna hatari ya kueleweka vibaya, chagua "huenda".

"Yamkini", wengine huandika "yumkini", ni la maandishi na hotuba. Lina uzito wa mtu aliyefikiri: amepima dalili, anaona jambo linaelekea kuwa kweli. Mimi hulitumia pale tu sababu inapotajwa kandokando yake. Na kuna "asaa", ambalo Nairobi ni nadra kulisikia, lakini ukisoma tenzi za pwani utakutana nalo, na hubeba matumaini zaidi ya makisio: asaa Mola akatujalia.

Je, "mvua inaweza kunyesha" ni sawa na "huenda mvua ikanyesha"?

Zinakaribiana, lakini "weza" ina kazi nyingine mbili, uwezo na ruhusa. "Anaweza kuja" inaweza kumaanisha ana nauli, inaweza kumaanisha ameruhusiwa, inaweza kumaanisha huenda akaja. Kwenye notisi ya shule tofauti hiyo ni kubwa. "Wazazi wanaweza kuhudhuria" ni ruhusa. "Huenda wazazi wakahudhuria" ni makisio ya anayepika chakula.

Tahadhari nyingine: "uwezo" na "uwezekano" si kitu kimoja. "Kuna uwezo wa mvua" nimekutana nayo kwenye rasimu. Mvua haina uwezo. Kuna uwezekano wa mvua.

Sisi Nairobi tunasema "ni kama" na "inakaa". Hayo ni makosa?

Si makosa, na ningependa walimu waache kuyafuta kwa kalamu nyekundu bila kuyaeleza. Tazama yanavyofanya kazi. Mama mmoja anauliza ndani ya matatu mbona gari limeacha njia, na makanga anamjibu: "Mathe, inakaa kuna jam Waiyaki Way." Makanga habahatishi. Ameona magari yamesimama mbele, au dereva mwenzake amewasha taa kumpa ishara. Hali kadhalika "ni kama kutanyesha": anayesema ameinua macho akaona wingu limeshuka upande wa Ngong.

Yaani "ni kama" na "inakaa" hudai dalili iliyoonekana au kusikika. "Huenda" haidai. Naweza kukaa chumbani madirisha yamefungwa nikasema "huenda ikanyesha wiki ijayo", lakini siwezi nikiwa humo nikasema "inakaa kutanyesha" bila kuulizwa nimejuaje. Huo ni utajiri wa lugha ya jiji. Katika insha rasmi andika "inaelekea" au "dalili zinaonyesha" na utakuwa umebaki na maana ileile.

"Huenda" ni asilimia ngapi?

Haina namba, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kila msikilizaji huweka yake.

Jambo hili si la Kiswahili pekee. Mwaka 1951 wachambuzi wa ujasusi wa Marekani waliandika kwamba kulikuwa na "uwezekano wa kutiliwa maanani" wa Yugoslavia kushambuliwa na kambi ya Usovieti. Mkuu mmoja wao, Sherman Kent, alikuja kuulizwa maneno hayo yalimaanisha kiasi gani. Yeye alikuwa na wazo la 65 kwa 35. Alipowauliza wenzake walioshiriki kuidhinisha maneno yaleyale, majibu yao yalitoka 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Walikuwa wameketi meza moja, wakakubaliana neno kwa neno, na kila mmoja alikuwa amekubali kitu chake.

Wanasayansi wa tabianchi walijifunza kutokana na matatizo ya aina hiyo. Jopo la kimataifa la IPCC liliundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa kwetu Gigiri. Katika ripoti zake maneno yamefungwa kwenye namba: likisema jambo lina uwezekano mkubwa, ni asilimia 66 au zaidi, uwezekano mkubwa sana ni 90 au zaidi, lisiloelekea kutokea ni 33 au chini. Msomaji wa ripoti hizo hahitaji kukisia.

Kiswahili hakina jedwali la namna hiyo lililokubaliwa na wote. Mimi ninapohariri hufuata ngazi tatu. Jambo likielekea kutokea zaidi ya kutotokea, "kuna uwezekano mkubwa". Likiwa kati kwa kati au hatujui liegemee wapi, "huenda". Likiwa la mbali, "kuna uwezekano mdogo", na "hakuna uwezekano" nalihifadhi kwa jambo lisilowezekana kabisa. Namba ikiwepo, iandikwe. Msomaji anayejua kuweka akiba ya M-Pesa hatashindwa na asilimia.

Utabiri ukisema mvua ni asilimia 40 na isinyeshe, wamekosea?

Hapana. Chukua siku 10 zilizotabiriwa hivyo: karibu 4 kati yake zinapaswa kuwa na mvua na 6 kuwa kavu. Siku moja haitoshi kumhukumu mtabiri. Ungelazimika kukusanya siku zote alizosema 40 na kuhesabu.

Utabiri wa msimu ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Kabla ya masika, ya Machi hadi Mei, na kabla ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, Idara ya Hali ya Hewa iliyoko Dagoretti Corner na kituo cha tabianchi cha kanda, ICPAC, kilichoko Ngong hutoa mwelekeo. Ramani za ICPAC hugawa uwezekano katika mafungu matatu: mvua chini ya kawaida, ya kawaida, na juu ya kawaida. Kama hakuna anayejua lolote, kila fungu lingepata takriban asilimia 33. Tuseme basi eneo la Nairobi na Machakos limepewa 50 kwa juu ya kawaida, 30 kwa kawaida na 20 kwa chini. Vichwa vya habari vitasema "mvua kubwa yaja". Lakini ile 20 haijafutwa. Bado kuna nafasi moja katika tano ya msimu mkavu, na mkulima wa Machakos ana haki ya kuambiwa hivyo.

Upande wa pili wa shilingi ni mzito zaidi. Anayeishi kando ya Mto Mathare hawezi kuisikia "huenda" kama aliye ghorofani Kilimani. Aprili 2024 maji yalibeba nyumba na watu. Uwezekano ukiwa mdogo na hasara ikiwa ni maisha, "huenda" inatosha kabisa kumfanya mtu ahamishe watoto usiku huo. Kwa hiyo napinga tabia ya kumalizia taarifa ya mafuriko na "huenda" tupu. Andika ni wapi, ni lini, na watu wafanye nini.

Daktari akisema "huenda ni malaria", ana maana anabahatisha?

La, anakuonyesha alipofika katika kufikiri kwake. Sikiliza mazungumzo ya kawaida ya kliniki:

"Mama, mtoto ana joto tangu lini?"
"Tangu juzi usiku, daktari."
"Mmesafiri hivi karibuni?"
"Tulikuwa ushago, Siaya. Tumerudi wiki iliyopita."
"Basi huenda ni malaria. Tupime damu kwanza."

Swali la safari lilibadilisha kila kitu. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na malaria ya kuambukizwa hapahapa jijini si ya kawaida. Maeneo ya Ziwa Victoria ndiyo yenye mzigo mkubwa nchini. Kwa mtoto ambaye hajatoka mtaani kwao Umoja, hapa jijini, joto lilelile lingemfanya daktari afikirie kwanza maradhi mengine. Hivyo "huenda" ya kabla ya swali na "huenda" ya baada ya swali hazina uzito mmoja, ingawa zinaandikwa kwa herufi zilezile. Unaruhusiwa kumuuliza: "Daktari, ni huenda ya kiasi gani? Na tukisubiri majibu, kuna hatari?" Daktari mzuri atafurahi umeuliza.

Vipi kuhusu kubeti? Mbona mkeka "unaonekana" halafu unachanika?

Kwa sababu huenda nyingi zikifungwa pamoja hazibaki huenda ileile.

Mkeka ni beti moja ya mechi kadhaa, na ukikosa hata moja umechanika. Chukua mechi tano. Kila moja umechagua timu yenye uwezekano wa asilimia 60 kushinda, jambo ambalo si baya. Kupata zote tano ni 0.6 ukizidisha mara tano: 0.6, 0.36, 0.216, 0.13, 0.078. Karibu asilimia 8. Kati ya mikeka 100 ya namna hiyo, 92 inachanika. Mtu huangalia timu moja moja, anaona kila moja "inaelekea", na hazidishi.

Jambo la pili ni namba ya malipo iliyoandikwa mbele ya kila matokeo. Gawanya 1 kwa namba hiyo upate uwezekano ambao malipo hayo yanabeba. 2.50 ni asilimia 40. Sasa fanya hivyo kwa matokeo yote matatu ya mechi, tuseme 2.50 kwa wenyeji, 3.20 kwa sare na 2.80 kwa wageni: 40, na 31, na karibu 36. Jumla ni takriban 107. Uwezekano wa kweli hauwezi kupita 100. Ile ziada ni ya kampuni, na unailipa kila unapoweka pesa, ushinde au ushindwe. Vijana wengi wa mtaani wanajua majina ya wachezaji wote wa akiba na hawajawahi kuonyeshwa hesabu hii. Waonyeshwe.

Kwenye habari, naweza kuandika "huenda" badala ya "inadaiwa"?

Usifanye hivyo. "Inadaiwa" inasema kuna mtu amedai, na msomaji ana haki ya kuuliza ni nani. "Inasemekana" inasema maneno yanazunguka. "Huenda" ni makisio ya mwandishi mwenyewe. Ukiandika "huenda mkurugenzi aliiba pesa", umemshuku wewe, hakuna aliyekutuma. Andika nani amesema nini, na ushahidi gani upo. Kuhusu hatia ya mtu mwenye jina sikubali "huenda" kwenye meza yangu hata siku moja, kwa kuwa neno dogo hilo haliwezi kumrudishia heshima yake.

Ni hivyohivyo na ujumbe wa kusambaza. "Huenda kesho matatu zikagoma" hufika kwenye kikundi cha wazazi saa tatu usiku, na asubuhi nusu ya darasa halipo. Aliyeanzisha atasema alisema huenda tu. Kabla ya kusambaza, uliza: umesikia kwa nani? Chama cha wenye magari kimetangaza? Kama hakuna jibu, hapo hakuna huenda, kuna uvumi.

"Huenda labda" ni sawa?

Moja inatosha. Katika mazungumzo watu huzirundika ili kulainisha, na hakuna anayeumia. Kwenye maandishi ondoa moja. "Huenda ikawa" haina tatizo, kwani "ikawa" ni kitenzi chake cha kawaida.

Nikichelewa kazini, niandike "huenda nikachelewa"?

Kama bado una nafasi ya kufika kwa wakati, ndiyo, na uongeze sababu na makisio: "Shikamoo mama, tumesimama Pangani, huenda nikachelewa dakika 20." Kama saa mbili imeshagonga na wewe bado uko Roysambu, umeshachelewa, andika "nitachelewa" na useme utafika saa ngapi.